Minazi arobaini ya Kipumbwi: shajara ya kukusanya kumbukumbu za kijiji na ukoo

Naiandika shajara hii kwa ajili ya mtu mwenye bibi au babu kijijini, ambaye kila mwaka anasema atakwenda kumrekodi na hajaenda. Kijiji changu ni Kipumbwi, kusini mwa Pangani, pale mto Msangazi unapoingia baharini. Mimi naishi Tanga mjini. Nitaandika kila hatua inapokamilika, pamoja na gharama na makosa, ili atakayefuata asiyarudie. Majina ya watu siyataji.

13 Januari 2024. Safari ya kwanza

Basi la alfajiri hadi Pangani, kivuko hadi Bweni, kisha bodaboda kupitia Kikogwe na Mwera. Nilikusudia kurekodi wazee sita kwa siku mbili: asili ya kijiji, mashamba ya mkonge, safari za mashua kwenda Unguja, na ukoo wetu upande wa mama. Nilikuwa na simu, kadi mpya ya kumbukumbu, na karatasi yenye maswali thelathini na mawili.

Nimerudi na sauti za watu wawili, na zote mbili hazifai.

Bahari ndiyo iliyoniharibia kwanza. Mwezi ulikuwa ndiyo kwanza umeandama, kwa hiyo ilikuwa bamvua, wakati maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida. Saa tatu asubuhi maji yalikuwa yametoka mbali kabisa, na wanawake niliowafuata wote walikuwa mwambani wakitafuta pweza. Waliporudi kulikuwa na pweza wa kupiga na chungu cha kuteleka. Wanaume waliovua usiku walikuwa wamelala. Mtu aliyezaliwa pwani hakupaswa kusahau jambo hili, lakini nilipanga safari kwa kutazama Jumamosi, sikutazama mwezi.

La pili ni upepo. Tulikaa chini ya mkungu, mahali pazuri pa mazungumzo, na kaskazi ilikuwa inavuma. Nilipokuja kusikiliza, sauti ya mzee imemezwa na mvumo kama wa tanga linalopigapiga.

La tatu ni karatasi yangu ya maswali. Nilimuuliza mzee mmoja kijiji kilianza mwaka gani. Akafikiri kidogo, akasema, "Andika elfu moja mia tisa hamsini." Nikaandika. Saa moja baadaye, kwa mdomo wake mwenyewe, akanieleza kuwa babu yake alizikwa hapo kabla ya vita vya Mwingereza na Mjerumani. Hakunidanganya. Mgeni ameomba mwaka, naye kampa mwaka, kama ambavyo angempa kiti.

Gharama: nauli na bodaboda kwenda na kurudi 36,000, sukari na majani ya chai 7,500, kadi ya kumbukumbu 22,000. Jumla 65,500.

3 Februari 2024. Maji mafu

Safari hii nimekwenda mwezi ukiwa nusu. Maji hayatoki mbali, wanawake wako majumbani wanasokota kamba na kusuka makuti. Nimeandika saa sita za sauti safi kwa siku mbili.

Kuhusu upepo: tumekaa ukumbini, mlango wa upande wa bahari umefungwa. Nimenunua kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo, nikakivika kipande cha soksi ya mtoto. Kinatosha. Sukari ilikuwa adimu na bei imepanda kila mahali, na kilo mbili nilizobeba zilipokelewa kwa shukrani zilizonigusa sana.

Lakini jambo kubwa la safari hii ni jingine. Karatasi ya maswali niliiacha Tanga. Nilimkuta bibi mmoja anasokota kamba ya makumbi, nikaiomba ile kamba nikaishika, nikamuuliza inafanywaje. Akaanza: makumbi yanafukiwa kwenye tope la mkondo, yanakaa miezi hadi yalainike, yanafukuliwa, yanapigwa kwa mti, yanaoshwa, yanaanikwa, ndipo kusokota. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake na alama yake. Shimo la fulani lilikuwa hapa, la wifi yake pale, la yule aliyehamia Mkwaja kule kwenye mkoko mkubwa. Kutoka kwenye mashimo tukafika kwa wenyewe, kutoka kwa wenyewe tukafika nyumba walizokaa kabla watu hawajakusanywa kijijini, na jioni nilikuwa na ramani ya Kipumbwi ya zamani ambayo hakuna swali langu hata moja lingeweza kuitoa. Saa moja na nusu amezungumza, na mwaka sikuuuliza.

Tangu siku hiyo naingia na kitu mkononi. Kifuu, kipande cha nyavu, kumba la mnazi, picha ya zamani. Mzee mmoja alinyamaza mbele ya maswali yangu yote mwezi Januari. Leo nilimletea kipande cha katani, akakinusa, akasema, "Korona." Ndivyo walivyouita mtambo wa kuchakata mkonge. Akaniambia habari za manamba waliokuja kutoka bara na kutoka ng'ambo ya Ruvuma, habari za kipande, ile kadi ya siku thelathini ambayo lazima ijae ndipo ulipwe, na jinsi harufu ya maji ya mkonge ilivyokuwa haitoki mwilini hata ukioga. Kikogwe, ambako bodaboda yangu hupita, ndiko mkonge ulikopandwa kwanza katika nchi hii, mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza kutoka Florida, na kati ya miche elfu moja iliyoanza safari, 62 tu ndiyo iliyofika hai. Yule mzee hakuwa na habari ya Hindorf, wala simlaumu. Yeye anajua uzito wa mzigo wa mkonge begani, na hiyo ndiyo habari niliyoikosa vitabuni.

Gharama: nauli 36,000, sukari na chai 7,500, kipaza sauti 15,000. Jumla hadi sasa 124,000.

2 Machi 2024. Ngazi ya miaka

Tarehe bado nazihitaji, kwa sababu bila tarehe hadithi tatu za watu watatu haziwezi kukaa pamoja. Dawa niliyoipata ni kuchora ngazi kwenye karatasi kubwa ya bango. Kila kipawa cha ngazi hiyo ni tukio ambalo kila mtu analijua na mwaka wake una uhakika: vijana waliochukuliwa keya, jeshi la Mwingereza, kwenda Vita vya Pili, Uhuru, Desemba 1961, Mapinduzi ya Unguja, Januari 1964, Azimio la Arusha, Februari 1967, watu kuhamishiwa vijijini, katikati ya miaka ya 1970, vita vya Kagera, 1978 na 1979, mvua za El Nino, 1997 na 1998.

Kisha siulizi "mwaka gani". Nauliza, "Wakati watu wanahamishwa, wewe ulikuwa na watoto wangapi?" Au, "Siku ya Uhuru ulikuwa umeshavunja ungo?" Jibu linakuja bila shaka yoyote. Bibi mmoja alisema mwanawe wa pili alikuwa mgongoni siku walipobomoa nyumba shambani kwao kuja kujenga kijijini, na yule wa tatu alimzaa wakati wa unga wa yanga, ule wa njano. Ndugu wanne niliowauliza mbalimbali wameweka kifo cha baba yao kwenye kipawa kimoja. Mwezi Januari, kwa swali la mwaka, walinipa miaka minne tofauti.

Kipawa cha kuhamishwa ndicho kinachotoa machozi. Naandika hili kama onyo kwa atakayefanya kazi hii: usikiulize mwanzo, na usikiulize mbele ya watu wengi. Nyumba zilizokuwa zimetawanyika mashambani zilikusanywa kwenye mistari. Yaliyobaki kule ni mahame: minazi, makaburi na visima. Mahame ya ukoo wetu yako kaskazini kidogo ya kijiji, karibu na maji. Bibi yangu huyaita "kwetu" mpaka leo, ijapokuwa amekaa kijijini karibu miaka hamsini.

Gharama: 49,500, karatasi za bango na kalamu zikiwemo. Jumla hadi sasa 173,500.

20 Aprili 2024. Kunakili

Mwezi wa Ramadhani sikusafiri. Nilikaa na saa kumi na moja za sauti na kujaribu programu ya simu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Bibi akisema "dago", kambi ya wavuvi, programu inaandika "dogo". "Mbata", nazi zilizokaushwa, ikawa "bata". Nilitumia bando la 20,000 na mwisho nikaacha. Mpwa wangu aliyemaliza kidato cha nne amenakili zote kwa mkono kwa 5,000 kila saa ya sauti, akimpigia Bibi simu kila neno lilipomshinda. Imegharimu 55,000. Faida yake sikuitarajia: sasa yeye na Bibi wanaongea kila jioni.

Jumla hadi sasa 248,500.

7 Mei 2024. Siku nne za Hidaya

Tahadhari ya kimbunga Hidaya ilipotolewa nilikuwa nimeshafika Kipumbwi. Vyombo vilivutwa juu, na kwa mara ya kwanza wanaume wote walikuwa nchi kavu na hawana la kufanya. Nimerekodi manahodha watatu ukumbini, mvua ikipiga bati kiasi kwamba mara mbili tulisimamisha kazi.

Nahodha mmoja, mkongwe kuliko wote, hakuhitaji ngazi yangu. Anahesabu kwa miongo, kuanzia Siku ya Mwaka, ile ya mwaka mpya wa Waswahili na si ya Januari, siku kumi kumi, kama alivyofundishwa na baba yake. Nilipomuuliza lini chombo chao kilizama wakitoka Mkokotoni, akajibu, "Mwongo wa mia na ishirini, kaskazi inaanza kutia." Hapo ni kuelekea mwisho wa Novemba. Mwaka wenyewe tuliupata kwa ngazi: mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Walikuwa wamepeleka mbata, kamba na boriti, wakawa wanarudi na nguo na mafuta ya taa. Mafuta yote yalikwenda, watu wote walipona.

Wote watatu walizungumza juu ya Maziwe bila mimi kuuliza. Kijana wa leo akienda Maziwe anaona fungu la mchanga ambalo maji yakijaa linafunikwa. Wao walilala pale chini ya mivinje. Walipiga dago, wakavua, wakaanika samaki, na usiku wakaona kasa wakipanda kutaga. Ufukwe ulianza kuliwa, miti ikaanguka mmoja mmoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 haukubaki hata mmoja. "Mwisho tulifunga kamba kwenye kisiki," alisema mmoja wao, akanyoosha mkono kuelekea baharini, ambako kwa mvua ile hapakuonekana kitu.

Gharama: nauli 36,000, chakula 20,000. Jumla hadi sasa 304,500.

29 Juni 2024. Mti wa koo nne

Nimemaliza mti wa koo nne zilizooana tangu kabla ya vita vya kwanza. Nimechapisha nakala kumi na mbili za karatasi kubwa kwa 2,500 kila moja, nikazigawa baada ya sala ya alasiri. Watu walisimama wakifuata mistari kwa vidole, wakijikuta. Nilirudi Tanga nikiwa na furaha kubwa.

8 Julai 2024

Furaha ile imedumu wiki moja.

Katika mti ule, kando ya jina la bibi mmoja aliyekufa zamani, niliandika neno "mzalia", yaani mtumwa aliyezaliwa huku huku pwani. Mzee mmoja ndiye aliyeniambia, kwenye rekodi, bila kushusha sauti, nami nikaliona kuwa ni habari ya kihistoria kama habari nyingine. Sikulipeleka kwanza nyumbani kwa wajukuu wa bibi yule. Sasa nyumba ile ilikuwa na posa, na upande wa muoaji waliusoma mti.

Shangazi wa nyumba hiyo amenipigia simu. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu, sisi tumekaa na watu hawa miaka yote, tunazikana. Kila mtu anajua na hakuna anayesema. Wewe umekuja ukaandika." Kisha akakata.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Kila msomaji wa pwani anajua uzito wa maneno haya: muungwana, yaani mtu wa ukoo usio wa utumwa, mzalia, mtumwa. Bonde la Pangani lilikuwa na mashamba ya miwa, na misafara ya pembe iliteremkia pale mtoni. Watu walioletwa kwa nguvu hawakuyeyuka. Wamo katika koo zetu zote, na kimya juu yao ndicho kilichowawezesha wajukuu kuoana na kuketi msikiti mmoja. Kimya hicho si uongo. Ni makubaliano, na mimi niliyavunja bila hata kujua kuwa yapo.

17 Agosti 2024. Kurudisha

Nimekwenda na mjomba wangu na mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili. Tulipiga hodi, tukakaribishwa, tukakaa chini. Mzee ndiye aliyesema, mimi nikaombewa radhi kisha nikaomba mwenyewe. Shangazi alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema posa haijavunjika, imeahirishwa. Akaniuliza swali moja tu: "Nakala ngapi?"

Kumi na mbili. Siku mbili nimezunguka nyumba kwa nyumba nikizikusanya, nikapata kumi na moja. Moja haijulikani ilipo. Nimemwambia hivyo hivyo.

Zile kumi na moja tulizichoma uani kwake. Kwenye kompyuta nimefuta neno lile, na kwenye rekodi nimeweka alama kuwa sehemu hiyo isisikilizwe na mtu bila idhini ya nyumba.

Utaratibu mpya, ambao ningeuanza tangu siku ya kwanza kama ningeomba ushauri: nina madaftari mawili. La kwanza ni la kijiji, kila mtu anaruhusiwa kulisoma. La pili ni la nyumba, kila nyumba na lake, na linakaa kwao. Hakuna kinachotoka la pili kwenda la kwanza mpaka nyumba nzima isomewe kwa sauti na ikubali. Nasema kusomewa kwa sauti kwa sababu wakubwa wengi hawasomi herufi za Kizungu, na kuwapa karatasi wakatia kidole si idhini.

Gharama za Juni hadi Agosti: kuchapisha 30,000, nauli mara mbili 72,000, mchele kilo tano niliopeleka kwa shangazi 15,000. Jumla hadi sasa 421,500.

12 Oktoba 2024. Karatasi ya Bibi

Bibi amefungua kasha. Miezi tisa namrekodi na hakuwahi kulitaja. Nadhani alikuwa anatazama nitafanya nini kuhusu jambo la Julai.

Chini ya kanga za marehemu mama yake kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Hapa nilifanya kosa jingine, na hili halirekebishiki. Kwa pupa niliifungua palepale. Karatasi ilikuwa imekauka, ikakatika kwenye mkunjo, na kipande kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho kikapukutika. Mara moja niliacha.

Njia sahihi nilielekezwa kwa simu usiku ule na rafiki anayefanya kazi ya kumbukumbu: weka karatasi kwenye sanduku la plastiki lenye kifuniko, ndani uweke kitambaa kibichi kwenye kisahani, kisiguse karatasi, ufunike ulale. Asubuhi karatasi imelainika na mikunjo inafunguka yenyewe. Usiache zaidi ya usiku mmoja, itaota ukungu. Kisha piga picha kwa mwanga wa dirishani, bila taa ya simu, ukiweka rula kando ili ukubwa uonekane. Asili hairudi nawe mjini. Imelala kashani, katikati ya karatasi mbili nyeupe.

Mimi nasoma msahafu, nikaweza kusoma nusu. Ni hati ya kununua minazi arobaini, bei rupia 95 na hela 50. Mipaka imetajwa: kusini njia, kaskazini shamba la fulani, magharibi makaburi, mashariki bahari. Mnunuzi ni babu yake Bibi mzaa baba. Mimi kwake ni kilembwe. Baada ya jina lake imeandikwa "huru", na jina la mtu mwingine. Nikafurahi nikamwambia Bibi: "Tazama, wameandika kabisa kwamba alikuwa mtu huru." Mwaka niliusoma 1312, yaani 1894 au 1895.

Bibi hakusema kitu.

2 Novemba 2024. Mwalimu wa chuo

Nimempelekea picha mwalimu mmoja wa chuo cha Kurani Pangani, mtu mzima, anayesoma hati za zamani tangu utotoni. Ameziangalia muda mrefu kabla ya kusema.

Kwanza mwaka. Mkunjo ulipita kwenye tarehe, na kipande kilichopukutika mikononi mwangu kilichukua meno ya tarakimu ya tatu. Tatu ya Kiarabu bila meno ikabaki mstari, nami nikaisoma moja. Ushahidi ni bei. Zamani rupia ilikatwa kwa pesa sitini na nne. Mjerumani ndiye aliyeleta rupia ya hela mia, na hiyo ilianza mwaka 1904. Hati ya 1312 isingeweza kutaja hela hamsini. Mwaka ni 1332, mwezi wa Rajabu, kati ya Mei na Juni 1914, miezi michache kabla ya vita kufika Tanga. Neno tunalotumia kila siku sokoni ndilo lililonirudisha kwenye njia.

Kisha akaweka kidole kwenye neno "huru".

"Hili hukulielewa," alisema kwa upole. "Muungwana haandikwi huru. Ataandikiwa huru kwa nini? Huandikwa hivi yule aliyeachwa huru, na jina linalofuata ni la aliyemwacha."

Nilijua habari za sheria. Wajerumani walitangaza kuwa watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya 1905 ni huru, lakini utumwa wenyewe haukufutwa mpaka 1922, chini ya Mwingereza. Kwa hiyo mwaka 1914 mtu angeweza kuandikwa hivyo mbele ya mashahidi na lisiwe jambo la ajabu. Hayo yote nilikuwa nayajua, na hata hivyo nililiona neno lile kwenye jina la mtu wetu nikalisoma nilivyotaka.

Nikavuka mto jioni ile ile nikaenda kwa Bibi. Nilimweleza polepole. Alikuwa anapepeta mchele, akaendelea kupepeta.

"Nilimkuta," alisema. "Alikuwa ameshazeeka. Hakuwahi kumtuma mtoto. Nyumba nzima ya watoto, lakini akitaka maji anainuka mwenyewe, akitaka moto wa kiko anainuka mwenyewe. Mama yangu akimwambia, baba, si umtume huyu, anasema, mwache acheze."

Akaweka ungo chini. "Sasa ndiyo nimejua."

Wajukuu wa mzee yule walio hai ni watano. Tumewasomea wote, wawili kwa simu. Wanne wamekubali habari iandikwe bila jina lake, na bila picha ya karatasi kuonyeshwa. Wa tano, mdogo wa Bibi, alitaka kwanza nikamwambie yule shangazi wa nyumba ya posa, yeye kabla ya mtu mwingine yeyote. Nimekwenda. Alinikaribisha chai. Nilipomaliza alisema, "Haya," akaniongezea kikombe. Mdogo wa Bibi aliposikia nimekwenda, naye akakubali. Ndiyo maana habari hii imo humu.

17 Novemba 2024. Mipaka

Bamvua, safari hii kwa makusudi. Nimekwenda na Bibi, mpwa wangu na hati iliyonakiliwa, kuitembea mipaka ya minazi arobaini.

Kusini: njia bado ipo, ni ya ng'ombe siku hizi. Magharibi: makaburi, tumefyeka na kuhesabu kumi na saba, mengi yana jiwe tu kichwani. Kaskazini: shamba la fulani limekuwa kichaka, ila Bibi alitambua mpaka kwa mwembe. Minazi iliyosimama tumehesabu tisa. Bibi anasema mitatu kati ya hiyo ni ya baadaye, aliipanda baba yake kuziba mapengo, kwa hiyo ya hati ni sita, kama hiyo nayo si maotea.

Mashariki hati inasema bahari, na bahari imeingia ndani ya mpaka. Maji yalipotoka, kiasi cha hatua thelathini kutoka kwenye mnazi wa mwisho, tukaona duara la mawe kwenye mchanga. Bibi alikaza mwendo mpaka nikaogopa ataanguka. Ni kisima chao. Alichota hapo akiwa msichana, na wakati huo, alisema, ili kuiona bahari kutoka kisimani ilibidi upite minazi safu mbili.

Mpwa wangu amepiga picha na kupima: upana wa duara ni mita moja na sentimita ishirini, mawe ya matumbawe, yamekandikwa kwa chokaa. Kina hatukukipata, ndani kumejaa mchanga. Saa nne na nusu maji yakaanza kurudi.

Gharama za Oktoba na Novemba: nauli mara tatu 108,000, sanduku, karatasi na kitambaa 14,000, sadaka ya mwalimu 20,000. Jumla tangu mwanzo 563,500.

Safari inayofuata ni tarehe 16 Desemba, bamvua ya mwezi mpevu, kwenda kuchimbua mchanga kisimani tujue kina. Bibi amesema atakuja na kata yake.